Mabakuli ya Kioo ya Mama

Maskati, Ijumaa asubuhi

Mdogo wangu Mwajuma,

Asalaam aleikum. Naomba karatasi hii ikukute mzima, goti lako limepungua maumivu, na wanao hawajambo. Mimi mwili unakwenda. Moyo ndio mgonjwa, na sitakuficha.

Usishangae kupata barua kana kwamba tuko enzi za Babu. Simu yako ile haisikiki mpaka uweke sauti kubwa, na Mama hukaa ubavuni mwako akisikia yote. Ninayotaka kusema leo hayafai masikio yake. Barua nimempa Bi Salma, mwenzangu aliyekuwa akifanya kazi nyumba ya jirani. Amemaliza mkataba wake na atapita Bagamoyo kwa mwanawe.

Kwanza nikiri: yale mabakuli niliyowatumia ni kosa langu. Uliponiambia kwamba ukienda kazini Mbegani Mama anashinda na njaa huku chakula kipo, kwa sababu hakumbuki kilichomo ndani ya sufuria na hotpoti, nilijiona nina akili kumshinda daktari. Nikasema dawa yake ni kioo. Akiuona wali, ataula.

Basi nikalizunguka duka mpaka muuzaji akaniuliza kama nanunua nyumba. Miaka saba jikoni kwa watu si mchezo, vyombo navijua. Yenye mifuniko ya mbao niliyakataa; yanapendeza, lakini ukiyatazama kwa juu huoni kitu. Ya mviringo yanakula nafasi kwenye friji, nikachukua ya pembe nne. Vibanio vya mifuniko nilivijaribu kimoja kimoja kwa kidole cha mkono wa kushoto, nikijifanya Mama, maana vingine ni vigumu hata mimi vilinishinda. Nikapitisha kidole kwenye kingo zote nisije nikamletea lenye ufa. Na wewe nikakuchagulia lile bakuli refu la kuokea mkate wa kumimina, nikakuonya usiliweke juu ya jiko la mkaa, na likitoka kwenye oveni usilitue mahali penye maji, litapasuka. Mkono wako mzito, nakujua.

Niliangalia kila kitu isipokuwa kimoja. Kwetu kioo ni cha wageni.

Nimekulia nyumba ile ile ya Dunda uliyokulia wewe, nikasahau! Kabati la sebuleni lilikuwa na ufunguo, na ufunguo ulifungwa kwenye pindo la kanga ya Mama. Sisi na yeye tulikula kwenye sahani za bati mwaka mzima, na bakuli la kioo tulilishika siku ya kuliosha tu, tena kwa kusimamiwa. Kuona kila siku watu wa huku wakitia kiporo cha juzi kwenye kioo kumenitoa akili.

Mama Agnes, yule mwalimu mstaafu wa nyumba ya mbele, aliponisimulia kwenye simu nilidhani ananitania. Anasema aliingia saa saba mchana kumjulia hali Mama, akamkuta amekaa mkekani, amejifunga kanga mpya, mabakuli matatu yamepangwa mbele yake. Wali, mchuzi wa samaki, mchicha. Vyote vinaonekana, kama nilivyotaka.

"Bi Mkubwa, mbona hujala?"

"Nile vipi, mwalimu, na mgeni hajafika?"

"Mgeni gani?"

"Zuhura, binti yangu. Anakuja leo kutoka Arabuni. Kaa tumngoje."

Nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni kwa watu, Mwajuma, nikalia mpaka mama wa nyumba akaja kuniuliza kama nimeungua.

Najua umejaribu. Umetia chakula kwenye mabakuli ya plastiki, na yeye akakihamishia kwenye kioo. Umeyaficha mabakuli, akayatafuta kutwa nzima akipiga kelele kwamba wezi wamechukua vyombo vya Zuhura. Jioni ukirudi unamlisha kwa mkono anameza vijiko vitatu, anakuambia tumwachie mgeni. Umeniambia pete imemvuka kidoleni ikaanguka. Nimeacha kujidanganya kwamba atapona. Nataka ale tu.

Wiki iliyopita nilipokuomba uniunganishe naye, ulisikia mwenyewe. Acha niyaandike, pengine yatanitoka.

"Shikamoo, Mama. Ni mimi, Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Zuhura bado hajafika. Wewe ni mwenzake wa huko?"

"Ndiyo," nikasema. Sijui kwa nini nilisema ndiyo.

"Basi mwambie asiwe na wasiwasi. Chakula nimemfunikia."

Pale pale ndipo ningemwambia akile mwenyewe, nikashindwa. Nikasema nitamwambia, nikakata simu.

Usiniombe nije. Mkataba wangu mpya haujafika nusu, pasi ya kusafiria inakaa kwa tajiri, na mshahara huu ndio dawa zake na karo za wanao. Na hata nikija, atanikaribisha mkekani tumngoje Zuhura.

Sasa sikiliza. Unawakumbuka wageni wa Baba kutoka Miono? Pilau lilinukia tangu asubuhi, tukakaa na njaa mpaka alasiri, na Mama hakuturuhusu hata ukoko. Ndipo akaja mtu wa baiskeli akasema wamefiwa, hawaji. Mama akasema "Bismillahi", akafunua, akala pamoja nasi, tena kwa hamu. Kwake mgeni akishatuma udhuru, chakula ni cha wenye nyumba. Mengi yamemtoka kichwani, lakini heshima ya mgeni imebaki, na naamini hili limebaki nayo.

Kwa hiyo aambiwe kwamba Zuhura ametuma udhuru, haji. Msimwambie atakuja kesho, maana atamwekea mpaka kesho. Haji kabisa. Wewe saa hiyo uko kazini, nimeshamwomba Mama Agnes na amekubali kuingia kila siku saa saba. Kila siku, kwa sababu kila siku atakuwa amesahau, na atayapokea maneno hayo kama habari mpya. Mama Agnes aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia ninayo. Atalia. Mwacheni alie, kisha mpeni kijiko.

Nisalimie shemeji, mumeo, mwambie ahsante kwa kulitengeneza friji. Watoto wabusu, na yule mkubwa aache kujibu walimu. Shangazi wa Miono mpe salamu zangu nyingi, mwambie mihogo yake naiota. Mama Agnes mpe lile bakuli refu, naye pia ana oveni, na mkono wake mwepesi kuliko wako, usinikasirikie.

Mama usimpe salamu zangu. Akisikia jina langu ataanza kupanga mabakuli.

Dada yako,
Zuhura