Anayesema Kwanza

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Huku tu wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi tu, likishapata jua linasahau. Shemeji na wanangu hawajambo? Yule mdogo ameshaota meno?

Uliponipigia ukanitaka nitaje bei ya nusu yangu ya karakana ya baba, nilikuomba muda. Hukupenda. Ulisema, kwa ule mdomo wako wa asali, kwamba mdogo husema kwanza, mkubwa akamalizia. Nimelitafakari neno hilo huku nachomelea mageti ya watu.

Utakumbuka ulivyonifundisha poka mezani kwako. Kila mtu karata mbili za siri, kisha kwa zamu anaweka dau au anazitupa, na dau halina kikomo: ukitaka, unasukuma vyote ulivyo navyo kwa mkupuo. Mgawaji ulikuwa wewe, mimi mkono wako wa kushoto, na zamu huanzia kushoto kwa mgawaji, kwa hiyo nilisema kwanza na wewe mwisho, kila mchezo. Nikitupa tisa na nne, unawaambia wenzako bwana mdogo kaja kutazama. Basi nikawa naingia na takataka zile zile, sijui nani ana nini, na nyuma yangu mmekaa mnanisoma kama bango. Mishahara yangu ya mwanzo iliishia mbele yako. Shemeji ndiye aliyenirudishia nauli, jikoni, kimyakimya.

Mwaka huu mteja wangu mmoja, mhasibu mstaafu, alinikaribisha kwake kucheza poka. Mchezo wa kwanza ulipoisha, akasogeza kifuniko cha soda kutoka mbele yake hadi mbele ya jirani. Nikauliza cha nini. Alinitazama kama niliyeuliza maji ni ya nini. Kumbe ni alama ya mgawaji, na ugawaji huzunguka, kaka. Kila mtu hupata zamu ya kusema mwisho, akiwa ameshaona wenzake wamefanya nini. Akanifafanulia taratibu kwamba karata dhaifu ukiwa wa mwisho unaweza kuzijaribu. Ukiwa wa kwanza, zitupe, anayecheka acheke. Kwako ugawaji haukuwahi kuhama. Nilirudi nyumbani nikapiga hesabu ya hasara, kisha nikalala.

Sasa la karakana. Nusu yangu ni karata dhaifu, najua: mashine ziko kwako, funguo unazo wewe, wateja wanakujua wewe. Ningetaja bei, ungeguna, kisha ungeishusha hadi sakafuni.

Kwa hiyo kuna jambo lazima nikuambie. Yule mama wa mkoba mwekundu aliyekuja kuulizia nusu yako, ukampa kiti na soda, ukamwapia kwamba ni milioni kumi na nane na hupunguzi hata shilingi, hanunui karakana. Ni shangazi wa mke wangu, anashona mapazia. Nilimtuma mimi.

Baba alituachia nusu sawa, hati moja. Basi na yangu ni milioni kumi na nane. Nunua kwa bei hiyo, au niuzie kwa bei hiyo. Fedha zangu ziko tayari. Ukisema nusu yangu haifiki huko, utakuwa unaisema na yako. Bei umeitaja mwenyewe, na kuchagua nakuachia wewe. Hapo sijakudhulumu.

Mama hajui lolote, wala usimtumie kunilainisha. Wape watoto mkono wangu wa heri, na Mungu awatunze nyote. Nangoja neno lako moja, nanunua au nauza.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,
Fundi Mageti