Shahidi wa Upande wa Baba

Jumatatu, 2 Februari 2009

Daftari za darasa la sita zimesahihishwa zote. Miguu imevimba. Nusu ya darasa bado wanaandika "masaa". Nimechoka nao na nitawakosa.

Mutua, mhasibu wa shule, Mkenya wa Machakos, ameniletea fomu ya kibali cha wageni wastaafu kuishi Kenya. Amekwisha kuniandikia barua ya mafao, na hakutaka chochote. Mtu asiyetaka chochote hunitia wasiwasi.

Gharama nimeziandika nyuma ya daftari hili nisije nikajidanganya. Ada ya maombi. Ada ya kibali, na mwaka ukiisha unalipa tena. Pasipoti. Daktari wa kukadiria umri, maana cheti cha kuzaliwa sina. Mfasiri wa Kiarabu. Picha. Ada ya kibali peke yake inameza mishahara yangu minne. Yaani nilipe ili niruhusiwe kulala katika nyumba niliyoijenga mwenyewe Kitale, mita mia mbili kutoka kaburi la mume wangu. Miaka thelathini na tisa nimeishi Kenya. Kadi ya ukimbizi niliirudisha siku nilipopanda ndege ya kurudi huku Juba. Sasa mimi ni mgeni.

Lakini pesa si tatizo la kwanza. Hakuna kibali bila pasipoti, hakuna pasipoti bila jinsia, ndivyo wanavyokiita hapa cheti cha uraia. Na jinsia inataka shahidi: ndugu wa kiume wa upande wa baba, aape mbele ya afisa kwamba damu ni moja. Wa karibu aliyebaki hai kwetu ni mmoja tu. Kaka yangu Wani. Naishi kwake hapa Nyakuron tangu 2006. Nimemwomba tangu Desemba.

Bukra, anasema, yaani kesho. Kila siku bukra.

Swali la saba la fomu: Makazi yako katika nchi unakotoka. Nimeandika: Sina.

Jumatano, 4 Februari

Wani alivaa shati jeupe. Akapiga viatu rangi. Tukafika mlangoni, tumbo likamshika. Hii ni mara ya tatu. Mara ya kwanza ilikuwa jino, ya pili kichwa.

Saa tano alikuwa amepona. Akaenda Sherikat, anakouza mbao. Nilimwona akitembea, mgongo umenyooka kama mtu aliyetoka kutumbuliwa jipu.

Nimefundisha watoto miaka thelathini. Najua mtu anayekwepa mtihani.

Jumamosi, 7 Februari

Amekuja mtu na futi ya kupimia. Wani akamwongoza nyuma ya nyumba, kwenye yale mawe saba chini ya mwarobaini. Wakapima kutoka kwenye mawe kuelekea uzio. Waliponiona wakaanza kuzungumza habari za mvua. Februari!

Mawe hayo. Mwaka ule niliofika niliweka beseni langu la kufulia juu yake. Wani aliliondoa kwa mikono yake. Mke wake, Poni, pipa la maji analiweka mbali, kwenye jua, wakati kivuli kipo pale. Leo nimemwuliza Poni mawe yana nini. Amekulia Arua, Uganda, Kiswahili chake ni cha huko. Hakuniangalia.

"Wifi, wewe wacha hiyo mawe. Hiyo iko ya Wani."

Ya Wani. Basi nimeelewa. Ni alama za mpaka. Anakata kiwanja cha baba auze. Nikipata jinsia nitakuwa binti wa baba kwenye karatasi, na binti ana fungu lake. Ndiyo maana haapi! Tumbo, jino, kichwa, vyote vimekaa sawa kama hesabu.

Nilifurahi kidogo kupata jibu. Halafu nikajisikia vibaya sana.

Jumapili, 8 Februari

Kanisani Wani aliimba kwa sauti kuliko wote. Nilimtazama nusu ya ibada. Mahubiri sikuyasikia.

Nite, binti yangu, amepiga simu kutoka Kitale. Vyumba viwili vya kupangisha vimepata watu. Jikoni kwangu amepaka rangi. Kaburi la baba yake limepaliliwa. Unakuja lini, Mama? Nimesema Aprili, muhula ukiisha. Nimedanganya, tena Jumapili.

Alhamisi, 12 Februari

Mutua anataka namba ya pasipoti. Barua ya mafao inakwisha nguvu mwisho wa Machi, na mwenye shule atakuwa safarini, hakuna wa kuitia sahihi nyingine. Nimemwuliza yeye anapata nini katika haya yote.

Akacheka. "Mwalimu, mama yangu pia anakaa peke yake."

Hilo si jibu. Nimemwomba anirudishie nakala zangu zote. Amenirudishia, zimepangwa vizuri, na amezibana kwa pini. Nimezihesabu mbele yake. Nilimwumiza, nikaona, nikaendelea kuhesabu.

Ijumaa, 13 Februari

Wani yuko Sherikat, Poni yuko sokoni. Nimefungua sanduku la bati la Wani. Sijawahi kuiba kitu tangu utoto. Jinsia yake imo ndani ya Biblia, imefungwa kwa nailoni. Nimenakili namba ya faili na kuirudisha.

Anayetaka kunizungusha atanikuta nimekwisha kufika.

Jumatatu, 16 Februari

Niandike upesi.

Nje ya ofisi ya jinsia kuna hema la wapiga picha. Hapo ndipo wanapokaa mashahidi wa kukodi. Nilichukua mmoja, mtu mzima mwenye kofia. Kwa dakika tano alishika jina la babu yangu, kijiji, na ukoo. Wanafunzi wangu hawashiki hata msamiati kwa kasi hiyo. Nikampa nusu ya malipo. Nilijiona mjanja.

Afisa alichukua namba ya Wani, akaenda kwenye kabati, akarudi na faili lenye vumbi. Akasoma. Akanitazama. Akasoma tena. Shahidi wangu akasema kwamba anakwenda kunywa maji, na hakurudi.

Afisa aligeuza faili nione. Kiarabu sikisomi vizuri, ila jina langu nalijua. Kiden, binti wa baba yangu. Na pembeni neno moja. Akanisomea yeye.

Marhuma.

Amefariki. Kwa kiapo cha kaka yake, Wani, mwaka 1974. Chini, sahihi. Naijua ile W.

Afisa hakuwa mtu mbaya. Aliniuliza polepole, basi mimi ni nani. Nikasema Kiden. Akasema nimlete aliyeapa.

Jumanne, 17 Februari

Sikwenda shule. Sikula. Poni aligonga mlango mara mbili.

Kaka yangu aliniua kwa ajili ya kiwanja.

Jumatano, 18 Februari

Nilimngoja asubuhi kabla hajatoka. Nilikuwa na maneno ya siku mbili. Nimesema yote. Mwizi. Mwuaji. Nimesema natumaini mama hakuyajua kabla ya kufa. Nimesema habari za mtu wa futi, na mawe, na kiwanja. Poni akatoka na sufuria mkononi, akasimama.

Wani alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba. Kwenye mawe. Akavua kofia.

"Hapa ndipo ulipo," akasema.

Naandika alivyosema. Mwaka ule wa 1974 watu walirudi kutoka Uganda na Kenya kwa maelfu. Mimi sikurudi. Barua zangu hazikufika hata moja. Akaja mtu wa Yei akasema alinifahamu, nilishikwa na homa njiani, wakanizika kando ya barabara. Mama aliacha kula. Hawakuwa na mwili, lakini mtu hawezi kuachwa hivihivi bila mahali. Wakachukua gauni langu la shule, la buluu, lile nililoshona kola mwenyewe. Wakalizika hapa. Watu wakakaa matanga. Mawe saba, jiwe moja kwa kila ndugu aliyeshiriki kuchimba. Baada ya hapo mama akala.

Mwezi uliofuata serikali ikagawa viwanja, ikataka kila mtu awe na jinsia yenye majina ya watoto wote wa baba na waliko. Wani akaapa alichokijua.

Nilipofika 2006, pale uwanja wa ndege, alinishika uso kwa mikono miwili akanishikilia mpaka watu wakatupisha. Nilidhani ni uzee.

Tangu siku hiyo anataka kuyaondoa mawe. Amewauliza wazee wa ukoo. Kuzika wanajua. Namna ya kumfukua mtu aliye hai hakuna aliyewahi kusikia. Na kumwonyesha mtu kaburi lake aliona ni kumwitia kifo. Akanyamaza. Halafu nikaja na habari za jinsia. Aliogopa watamfunga kwa kiapo cha uongo, ana miaka sitini na tano, na zaidi ya hapo aliogopa nitauliza.

Mtu wa futi ni fundi wa choo. Wani alitaka shimo lichimbwe mbali nami.

Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka. Bado nina hasira pia. Vyote viwili.

Ijumaa, 20 Februari

Nimerudi shule. Nimemrudishia Mutua nakala zote na nimemwomba radhi. Nimemwuliza mama yake anaitwaje. Anaitwa Ndunge, na anapenda redio.

Jumatatu, 23 Februari

Wani alivaa shati jeupe. Mlangoni tumbo likamshika kweli. Alitapika kando ya uzio, akanawa uso, akatoka. Tumekwenda kwa miguu hadi stendi.

Afisa ni yule yule. Faili likaletwa. Akauliza huyu mama ni nani.

"De ukut tai," Wani akasema. Ni dada yangu.

Na yule uliyeapa kwamba amekufa?

"Ni huyu huyu. Nilimzika mwenyewe."

Karani wa pembeni akacheka, afisa akacheka, na Wani akalia. Sijawahi kumwona analia mbele ya watu wa serikali. Maelezo yameandikwa kurasa mbili, ametia sahihi na kidole gumba kwenye kila ukurasa. Faini wamempa. Kufungwa, hapana. Afisa alipiga mstari juu ya lile neno kwa rula, taratibu.

Kwa daktari wa umri tulikwenda wote wawili. Alinitazama meno na viganja, akauliza nani mkubwa. Amekadiria sitini. Wani akamwambia ameongeza mwaka.

Jumamosi, 21 Machi

Pasipoti imetoka Alhamisi. Mutua anasafiri Jumatatu, faili atalipeleka mwenyewe Nairobi. Ada ya mwaka wa kwanza imelipwa. Sehemu kubwa ametoa Wani. Ameuza mbao zilizokuwa za choo. Anasema cha zamani kitavumilia, na kwamba mwaka ujao nisimtegemee.

Aliniuliza jana afanye nini na mawe. Nimemwambia ayaache. Leo nimekunywa chai naye, nimekalia lile kubwa, lina kivuli kizuri. Poni alipita na ndoo, akatusalimu. Wani akaniongezea sukari bila kuulizwa.

Fomu haitaki kufutwafutwa, kwa hiyo nimejaza mpya tangu mwanzo. Swali la saba. Makazi yako katika nchi unakotoka.

Nimeandika: Nyakuron, Juba.