Musyoka, Mtoto Ameitika Jina Lako

Musyoka, ndugu yangu,

Usicheke mwandiko. Niliacha shule darasa la sita, lakini mtaa wetu wote wa Ziwani hakuna kijana wa kunishinda kwa barua, na wanajua hata wale wasichana uliokuwa ukinituma niwaandikie. Tangu tukuzike sina wa kunibishia. Majigambo yangu hayana chumvi tena.

Nina habari, na si ya mzaha.

Dada yangu Akinyi amejifungua mvulana. Lori lilipokugonga kule Industrial Area alikuwa na mimba changa, hakuna aliyejua. Mama alimuuliza baba wa mtoto ni nani. Akamuuliza kwa upole, akamuuliza kwa mwiko.

Kisha mtoto akaanza kulia. Si kilio cha njaa. Analia macho makavu, ameyakaza mlangoni, kama mtu aliyefungiwa nje. Zahanati walisema ni mzima. Basi akaja Dani, nyanya yetu wa Kaloleni, na wazee wenzake, maana kwetu Wajaluo mtoto akilia hivyo kuna marehemu anayedai jina. Wafu wanatajwa mmoja mmoja, na yule atakayemnyamazisha ndiye. Kwa kuwa Akinyi hakutaja baba, waliita wafu wa upande wetu tu. Odhiambo, analia. Odera, analia. Hata yule mjomba mlevi asiyependwa na mtu wakamwita kwa sauti ya chini. Analia.

Nilikuwa nimesimama na kikombe changu cha chai. Unaujua mdomo wangu. Nikasema, "Si mumwite Musyoka, yule aliyekuwa habanduki hapa kwetu!"

Mtoto akanyamaza. Katikati ya kilio, Musyoka, kama redio iliyotolewa betri. Akageuza ile shingo yake isiyo na nguvu, akanitazama.

Dani akauliza, "Huyo ni nani katika ukoo wetu?"

Wote walikuwa wamemgeukia Akinyi, naye amejifunika uso kwa leso.

Mjanja wewe! Chini ya pua yangu! Ndiyo sababu kila jioni ulikuwa unakubali kushindwa drafti. Na mimi nikitangaza mtaani kwamba nimekufunga!

Mama akafoka kwamba jina la Kikamba haliingii nyumba yake. Wakarudia Odhiambo. Kilio. Musyoka. Kimya. Mwishowe Mama mwenyewe akaketi, akanituma Makongeni nikamwite mama yako.

Siku zote nilidhani jina lako ni jina tu. Mama yako alimpakata mtoto, akamnusa utosini, akatueleza. Kabla yako alizaa wavulana, na kila mmoja aliondoka kabla ya kutambaa. "Hawakuwa wengi," alisema. "Ni mmoja, anakuja na kuondoka." Ulipozaliwa wakakuita Musyoka, yaani aliyerudi, ili ujue umetambuliwa, uone haya kuondoka tena.

Akamtazama mtoto. "Wewe tena," akamwambia, kama mtu aliyechoka kufungua mlango. Akamrudishia Akinyi. "Mimi nilimshika mpaka akaota ndevu. Haya, shikeni nyinyi."

Sasa Akinyi halali. Mkono wake uko kifuani pa mtoto, anahesabu pumzi. Mimi nikimwelezea mtoto jinsi nilivyowachenga mabeki wa Majengo, anageukia ukutani, vilevile ulivyokuwa ukifanya. Nikimpa mgongo, nahisi ananitazama, na nikigeuka ni kweli.

Barua hii sijui niipeleke makaburini au niisome hapo nyuma ya pazia anapolala mtoto.

Kama si wewe, tusamehe, tumekusumbua. Kama ni wewe, sikiliza: Akinyi hana nguvu za kukuzika mara ya pili. Mimi pia sina, na unajua mimi sikubali kushindwa. Nakuahidi, kila asubuhi nitakuja kitandani kwa mtoto nimwite jina lake lote, nimwite mpaka afumbue macho. Atakapokuwa mkubwa wa kunitukana, nitaacha.

Kwaheri, ikiwa bado uko huko. Ikiwa uko hapa, bwana, kaa.

Ni mimi, Ouma