Mlango wa Kuku Wako Umenibana

Mpendwa Mama Wambui,

Kuku wako wazima. Nimeanza na hao kwa sababu najua ningeanza na mimi, ungenikatiza uwaulizie wao. Kule hospitalini, siku yako ya mwisho, hukuniambia nile vizuri wala nivae sweta. Ulisema tu, "Baba Wambui, kuku wangu wasiliwe na nguchiro." Walikuwa kumi na watatu. Kufikia mwezi wa tano wamebaki tisa. Nilikuwa nachelewa madukani Chaka, nikifika nyumbani giza limeingia, banda liko wazi, na nguchiro ameshajihudumia.

Wambui wetu akanitazama kwa yale macho yako. Wiki iliyofuata akaja kutoka Nyeri mjini na mlango wa kisasa, unajifungua alfajiri na kujifunga jioni. Uko na kijicho cha kupima mwanga. Giza likianza, unashuka wenyewe polepole. Nikaushika nikacheka, mlango mwepesi kama kifuniko cha sufuria!

"Huu nguchiro atauvua kama kofia," nikamwambia.

"Baba, usiuguse. Uko hivyo makusudi."

Unanijua. Alipoondoka tu nikachukua nyundo, nikapigilia kipande cha mabati, na juu yake ubao. Nikaita hata jirani aje aone kazi. Huo sasa ndio mlango wa watu wa huku kwetu Kieni!

Basi juzi Wambui alikuja kunitembelea na mtoto. Mwezi wa saba, na unajua ukungu wetu: saa kumi tu, mlima haupo, ua wote umekuwa kijivu. Kijicho kikadhani ni jioni. Nami nimepiga magoti, mkono uko ndani hadi kwenye kiwiko, natafuta yai la yule mwekundu mkaidi anayetagia pale pale mlangoni. Mlango ukashuka. Kumbe ule wepesi ndio uliokuwa usalama wake: ukigusa kitu, unasita na kurudi juu. Huu wangu wa mabati haukusita hata kidogo.

Nilibanwa, Mama Wambui! Nimepiga magoti kwenye mavi ya kuku, naita "Uui!", na jogoo wako, mtu asiye na adabu, amenipanda mgongoni. Wambui alipotoka jikoni alicheka mpaka akakaa chini. Nikacheka pia, ingawa mkono ulikuwa unawaka moto. Akainuka, akauinua ule mlango kwa nguvu, nikatoka.

Hapo mjukuu wetu, yule wa pili anayebeba jina lako, akachuchumaa na kuingiza mkono wake mdogo pale pale palipokuwa pangu. Alitaka kunitolea yai. Wambui akaushikilia mlango kwa mikono miwili, hakupumua hadi mtoto alipotoka. Kicheko kikaisha.

"Angekuwa ni yeye, Baba?"

Niliona aibu, nikaogopa kweli. Jioni ile ile nikang'oa misumari yote, kisha tukaweka ndizi mbivu chini ya mlango. Ukashuka, ukaigusa, ukarudi juu, na ndizi haikupondeka. Mtoto akaila. Ndipo Wambui akatoa sheria: mlango ukijifunga, lazima mtu mzima awe amesimama hapo, kila siku. Nikasema sawa, halafu nikaitazama njia ya Chaka.

Hili sikumwambia mtu, lakini wewe nitakuambia. Sikuwa na kazi yoyote Chaka. Nilikuwa nakaa kwa kinyozi nasoma gazeti lile lile, ili ile saa yako ipite. Saa uliyokuwa unatoka na bakuli la mahindi unawaita, nami nimeegemea ua nakuchokoza ati unawapenda kuliko mimi. Sikuweza kusimama hapo peke yangu. Kuku wako wanne wameliwa kwa sababu mimi nilikimbia. Nisamehe.

Jana nilisimama. Mtoto alinishika kidole, wakaingia wote tisa, mlango ukashuka bila kumgusa yeyote. Nililia kidogo, yeye akaniuliza kama mkono bado unauma. Nikamwambia ndiyo.

Sasa wacha niishie hapa. Kiza kinakaribia, na ni zamu yangu.

Nakukosa sana, mpenzi. Lala salama.

Mume wako,
Baba Wambui