Ramani Ilisema Milango Miwili

Mama Verdiana, shikamoo. Mimi ni mwalimu, mtu wa Ukerewe, nililetwa huku Serengeti mwaka juzi kufundisha katika kijiji kipya ambacho naomba jina lake ulifiche, na nakuandikia kwa sababu nimefanya jambo ambalo nashindwa kumwambia mtu yeyote hapa, na kila ninavyonyamaza ndivyo linavyozidi kunielemea, kwa hiyo naomba unisikilize mpaka mwisho hata kama utanigombeza, maana najua utanigombeza.

Watu wa hapa wamenipokea vizuri mno, Mama, mpaka naona aibu. Nilipofika nilikuta watoto wanasomea ndani ya ghala la pamba, wakaniambia, mwalimu, wewe lete ramani kutoka wilayani, sisi tutajenga, na kweli walijenga, wanaume wakafyatua matofali na kuyachoma, akina mama wakabeba maji kutoka mtoni na mchanga kichwani, na msimamizi wa kazi yote alikuwa Mzee Mniko, mwashi ambaye sijaona ukuta wake hata mmoja uliopinda, na ndiye aliyenipa kitanda ninacholalia, na mke wake hajakosa kuniletea maziwa hata asubuhi moja.

Sasa sikia kosa langu. Ramani ilionyesha darasa kubwa lenye milango miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na pembeni chumba kidogo cha vitabu ambacho mlango wake ulitakiwa usubiri mbao nyingine. Mbao tulizopata zilitosha milango miwili tu. Nikajisemea, watoto wataingia kwa mlango mmoja, kuna shida gani, na mimi nikiweka mlango kwenye kile chumba kidogo nitakuwa na ofisi, ofisi yenye kufuli, kama walimu wenzangu wa Mugumu. Mzee Mniko hajui kusoma ramani, akaniuliza mbele ya watu, "Mura," yaani kijana, "serikali imesema darasa liwe na milango mingapi?" Nikamjibu, mmoja. Akasema, "Basi, kama wamesema," akaiziba kwa matofali nafasi ya ule wa nyuma iliyokuwa imeachwa wazi, kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa watoto hatukuona tabu. Tabu ilikuja tulipoanza kisomo cha watu wazima, Jumanne na Alhamisi alasiri. Wa kwanza kujiandikisha alikuwa Mzee Mniko, na wa pili Wegesa, mke wa mwanawe Simioni. Na huku, Mama, baba mkwe na mke wa mwanawe wanaheshimiana sana, hawawezi kupishana mlangoni, mmoja akimwona mwenzake njiani anakaa pembeni mpaka apite. Kanisani wanasali pamoja bila wasiwasi kwa sababu upande wa wanaume una mlango wake na upande wa wanawake una wake. Lakini kwangu, Mzee akishakaa benchi la karibu na mlango, kwa sababu magoti yanamsumbua, Wegesa hana pa kupita. Basi alikuwa anasimama nje dirishani, mtoto mgongoni, kibao chake amekiegemeza ukutani, anaandika a, e, i, o, u huku mvua inamnyeshea, na wanawake wengine sita wenye wakwe zao ndani wamesimama naye.

Siku moja Mzee aligeuka akamwona. Kuanzia siku ile hakuja tena, alituma salamu kwamba mgongo unauma. Wegesa alipojua kwamba Mzee amekaa nyumbani ili yeye apate kuingia, aliona haya, akaacha naye. Leo ni wiki ya tatu, kati yao wawili hakuna anayekuja, kila mmoja amemwachia mwenzake nafasi.

Simioni yuko kwenye kazi ya reli huko Makambako. Barua zake kwa mke wake nazisoma mimi, na mengine anayoandika ni maneno ya mume na mkewe, nayasoma nimeinamisha kichwa na Wegesa anaangalia ukuta. Aliniambia, "Mwalimu, nataka kuzisoma mwenyewe." Mtihani wa kisomo ni Agosti.

Je, nigawe siku tu, Jumanne wanaume na Alhamisi wanawake, ingawa Alhamisi ni mnada na wengi wao wanakwenda kuuza, mambo yaishe kimya kimya? Au nimwambie Mzee kwamba nilimdanganya? Nawapenda watu hawa, Mama, naogopa watanichukia. Nisaidie.

Wako, Mwalimu T.

MAMA VERDIANA ANAJIBU:

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nilitamani ungekuwa karibu nikuvute sikio. Ofisi yenye kufuli! Unafungia nini humo, chaki?

Nakuelewa lakini. Kijana yuko ugenini, anataka kona moja ambayo ataiita yake. Hilo si dhambi. Dhambi ni kumtazama mzee wa watu usoni na kumsomea kitu ambacho hakijaandikwa, kwa kuwa unajua hawezi kukagua. Halafu ukamfungulia darasa la kumfundisha kusoma! Mwalimu, wewe!

Na kuna kosa jingine ambalo hukuliungama kwa sababu hujaliona. Mlipokuwa mnajenga, akina mama walibeba maji na mchanga. Ni nani aliyewauliza wataingilia wapi? Ungemuuliza mmoja tu, hata huyo anayekuletea maziwa, angekwambia palepale kwamba mlango mmoja hautafaa. Jengo la shule linapangwa na watakaolitumia, si na mwalimu peke yake na karatasi yake. Tena waliochora ile ramani hawakuweka mlango wa nyuma kwa urembo. Siku nyuki wakiingia humo, watoto wako watatokea wapi? Kwenye tundu la ufunguo?

Kugawa siku nakataa. Unataka wanawake wachague kati ya mnada na kusoma ili wewe usione aibu. Hapana. Mzee Mniko ameacha masomo kwa ajili ya mke wa mwanawe, Wegesa ameacha kwa ajili ya mzee wake, na hakuna hata mmoja aliyenung'unika. Nimependa sana, machozi yamenilenga. Katika ninyi watatu, ambaye hajaacha kitu ni wewe.

Basi fanya hivi. Nenda kwa Mzee asubuhi, kabla ya kengele, na ramani yako mkononi. Usimtume mwenyekiti akusemee. Msalimie, kaa watakapokukalisha, na neno lako la kwanza liwe, "Mzee, nilikudanganya, ramani ina milango miwili." Usianze na mila, usianze na mbao. Akinyamaza, nyamaza naye. Akikufokea, pokea. Unasema unaogopa watakuchukia; mtu aliyekupa kitanda chake ana haki ya kukukasirikia, usimnyime.

Akishatulia, muulize yeye, kwa sababu fundi ni yeye, ukuta wa nyuma ukatwe wapi. Waiteni akina mama waje waonyeshe watakapopita. Boriti ya juu iingizwe kwanza, ndipo matofali ya chini yatolewe, msije mkashusha paa kwa haraka zenu. Na mlango upo tayari: ni huo wa ofisi yako. Ung'oe mwenyewe, bawaba zote, uubebe mwenyewe mchana watu wakikuona. Vitabu weka ndani ya sanduku. Mabenchi yapange wazee mbele karibu na mlango wao, wanawake nyuma karibu na mlango wao mpya, katikati acha njia pana. Kwenye mkutano wa kijiji useme yote, hata kama Mzee atataka kukufichia, na ninahisi atataka.

Usikawie. Majina nimeyabadilisha na kijiji nimekifuta, ila gazeti hili litafika huko na basi la Mugumu baada ya siku chache, na nani huwasomea wanakijiji gazeti kwa sauti? Si wewe? Utafika kwenye ukurasa huu utasema nini, kwamba umechanika?

Nenda, mwanangu. Wewe si mtu mbaya, mtu mbaya asingeniandikia kurasa nne. Mlango ukishasimama, mwenyekiti atataka kupita wa kwanza na hotuba mfukoni. Mwombe kwa adabu asubiri. Apite Wegesa.