Usimchagulie Oriana Chuo

S.L.P. 41,
Dolyna, Saskatchewan.
10 Februari 2019

Mpendwa mdogo wangu Orest,

Natumaini mu wazima huko Yukon, wewe na wifi yangu Jody na Oriana wetu, na kwamba kuni zenu zitafika hadi mwisho wa baridi. Sisi tunapumua. Goti la mama limekataa tena kupanda ngazi za kanisa, kwa hiyo padri humletea komunyo hapa nyumbani, naye mama hujipaka poda kwanza kama msichana anayengoja mchumba. Myron anakohoa na hataki kwenda hospitali. Theluji imefunika madirisha ya zizi, na ng'ombe wameanza kuzaa mapema, wakati mbaya kabisa.

Barua yako ilifika Jumanne. Unamwomba shemeji yako amwandikie Oriana maneno mawili matatu ya kumtia moyo, kwa sababu mtoto ameanza kutaja chuo cha useremala na wewe unataka aende chuo kikuu kule Mashariki. Sikumpa Myron barua hiyo. Nakujibu mimi, na unisamehe kama mkono wangu utakuwa mzito.

Najua Myron alikuambia kwamba Kalyna wangu amepumzika masomo kidogo. Hajapumzika. Nitakueleza yalivyokuwa.

Kalyna alitaka kusomea kazi ya kuwasaidia madaktari wa mifugo. Chuo kipo saa mbili kwa gari kutoka hapa, na walikuwa wamekwisha kumpa nafasi. Siku ya kwenda kukitazama, Myron alituendesha mpaka mlangoni, akazima pikapu, akabaki ndani na gazeti lake. Hakushuka hata kwenda msalani. Tulipotoka, Kalyna alikuwa anasimulia habari za kondoo tuliyemwona akishonwa tumbo, uso wake wote unacheka. Baba yake akawasha gari.

"Mtoto wangu hatapangusa makalio ya ng'ombe," akasema.

"Baba, wewe umeyapangusa maisha yako yote," Kalyna akamjibu.

Myron akafungulia redio hadi nyumbani.

Unamkumbuka Harvey Dutka, yule jirani ambaye mwanawe ni mhandisi. Kila asubuhi wanaume wanapokunywa kahawa pale dukani, Harvey lazima amtaje mwanawe na chuo alichosoma, kile kikubwa kilichoko siku nyingi za barabara kutoka hapa. Basi Myron akataka hichohicho. Hakujua kinafundisha nini wala wanafunzi wanalala wapi. Alijua jina lake tu. Na wewe ulipokuja wakati wa mavuno, tukala perohi za mama zilizojazwa viazi, uliinua glasi ukamwambia Kalyna kwamba mlango kama huo haufunguki mara mbili. Nilimtazama mwanangu. Alikuwa anakata perohi moja vipande vidogo vidogo bila kula. Usiku ule akakubali.

Septemba akaondoka. Nikimpigia simu ananiambia masomo yanakwenda vizuri. Namwuliza kama anakula, anasema anakula. Orest, wazazi tunauliza maswali ambayo mtoto anaweza kuyajibu huku amelala chini na taa imezimwa.

Mwezi wa kumi nikapigiwa na msichana nisiyemjua.

"Mama, naitwa Priyanka. Nalala chumba kimoja na Kalyna. Sipendi umbea, lakini haendi darasani. Tangu mwezi uliopita haendi. Anatoka alfajiri, anarudi ananuka farasi."

Nikapanda ndege. Myron alidhani nakwenda kumpelekea makoti. Priyanka akaniandikia njia kwenye karatasi, nikachukua basi mpaka mwisho wa mji, nikatembea kando ya uzio, nikamkuta mwanangu kwenye banda la farasi la watu nisiowajua, amevaa viatu vya mpira, amebana mguu wa farasi katikati ya magoti yake anauchokonoa matope kwa chuma. Alikuwa anamsemesha yule mnyama kwa Kiukreni, maneno yale mama anayotumia kwa ndama. Nilisimama muda kabla hajaniona. Alikuwa amekonda, lakini mikono yake ilijua inachofanya.

Aliponiona hakukimbia. Aliushusha mguu wa farasi polepole.

"Nani kakwambia?"

"Mwenzako."

"Anaogopa nitajiua," akasema. "Sitajiua, mama. Lakini mle ukumbini tuko mia tano. Nikifia kwenye kiti watahama tu safu nyingine."

Nikamwuliza kama hakuna mwalimu wa kumwendea. Akaniambia alimwendea mmoja, akapewa anwani ya barua pepe, akaandika, akajibiwa na mashine. Kisha akaniambia, "Nirudishe nyumbani. Kile chuo changu kinapokea wengine Januari. Nimewauliza, wamesema niende."

Nilimpigia Myron palepale, farasi wakitafuna nyuma yangu. Nikamweleza yote. Akataka kuzungumza na mtoto. Simu ilikuwa na sauti kubwa, nikasikia kila neno.

"Utamaliza mwaka. Nimewaambia watu uko huko."

"Watu gani, baba?"

"Watu."

Kalyna akanirudishia simu. "Mwambie nitamaliza mwaka wake," akasema, akainama akaushika mguu mwingine wa farasi. Nilibembeleza siku nzima. Alikuwa na miaka kumi na minane na kichwa cha baba yake, hakunisikia tena. Na nadhani jioni ile ndipo Myron alipokuomba umpigie, ukamwambia kwamba hata wewe ulilia mwaka wa kwanza, avumilie. Wewe ulilia, Orest, lakini ulikuwa umekwenda kusoma ulichokitaka.

Alimaliza mwaka wao. Hakuingia tena darasani hata mara moja, alikwenda kwa farasi. Aprili akarudi na karatasi ya matokeo iliyoonyesha amefeli kila somo. Kile chuo cha mifugo kikataka kuyaona matokeo hayo, kikayaona, kikasema samahani, wanaoomba ni wengi na nafasi ni chache. Mwalimu aliyemwonyesha kondoo alimpigia yeye mwenyewe simu kumpa pole. Ingekuwa ni Januari, alisema, asingekuwa na tatizo lolote.

Halafu ikaja Pasaka. Baada ya misa tulikuwa sote kwenye ukumbi wa kanisa, vikapu vimefunguliwa, watu wanamenya mayai. Harvey akamwuliza Myron habari za mtoto. Myron akamwambia amefaulu vizuri, amekuja likizo, walimu wake wanamsifu. Kalyna alikuwa nyuma yake na sahani mkononi.

"Nimefeli yote, Bwana Dutka," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi. "Huyo anayesifiwa simjui."

Myron akatoka nje bila koti. Ndani ya gari akamwambia, "Umenivua nguo mbele ya kanisa zima." Kalyna akamjibu kwamba hata yeye alikuwa uchi tangu Septemba na hakuna aliyetaka kutazama. Hayo ndiyo maneno yao ya mwisho. Walikaa nyumba moja wiki kadhaa, wanapeana njia mlangoni kama wageni hotelini. Juni likapita lori la kubeba ng'ombe, linakwenda Alberta. Akaomba lifti, akaenda.

Sasa sikia, mdogo wangu. Mpeleke Oriana kwenye hicho chuo cha useremala, siku ya kawaida ya masomo, si siku ile wanayotandika vitambaa na kugawa kalamu. Shuka kwenye gari. Mwache asimame karibu na mbao, wewe mtazame uso. Kisha mpeleke na huko Mashariki unakokupenda, akae darasani saa nzima, umtazame uso hukohuko. Uliza nani atajua mtoto asipotokea wiki moja. Wakikujibu kwa jina la ofisi, rudi nyumbani. Akianza, usimwulize kama anasoma. Mwulize jana alikula na nani. Akisita kujibu, panda ndege. Na akikuambia anataka kurudi, mrudishe siku hiyohiyo, maneno ya watu utayameza wewe, wewe ni mtu mzima.

Ukiona namwonea Myron, huenda ni kweli. Baba yake alimtoa shule akiwa na miaka kumi na minne akamkabidhi trekta, na tangu hapo anaamini furaha iko mahali ambapo yeye hakufika. Namjua, nimelala naye miaka ishirini na sita. Lakini kumjua hakunipunguzii hasira, wala sitaki ipungue kwa sasa.

Msalimie sana Jody, mwambie sweta lake bado nalifuma. Mama anakusalimu na kukubariki. Anasema usile samaki tu. Shangazi yetu, Teta Pavlina, naye anakusalimu. Oriana mpe busu langu, na umsomee barua hii yote, hata pale ninapokusema vibaya.

Kalyna hunipigia Jumapili, nikiwa peke yangu zizini. Yuko kwenye ranchi moja, wanamlipa kwa saa, ana mbwa. Amenikataza kumwambia baba yake mahali alipo. Kila jioni Myron akivua viatu huniuliza, akiwa amenipa mgongo, kama mtoto amepiga. Namwambia hapana. Kisha nampakulia supu.

Mungu ailinde nyumba yako, na akupe kunyamaza pale mtoto wako anapojibu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo,

Lesia