Kwa Wifi Naomi, Aliyekuwa Sauti ya Mzimu

Mpendwa wifi Naomi,

Jumamosi iliyopita wajukuu zako walijazana sebuleni kwangu kutazama tamthilia ya mizimu kwenye televisheni. Ilipokwisha wakaonyeshwa jinsi ilivyotengenezwa: kumbe mzimu ni kijana aliyefungwa kamba kiunoni, moshi unatoka kwenye mashine, na yale macho mekundu yanatiwa na kompyuta. Wakastaajabu sana. Nikawaambia kwamba bibi yao naye alikuwa mzimu, mzimu wa redio, enzi za Ujamaa, bila kamba wala kompyuta. Wakacheka, wakadhani uzee umenipanda kichwani. Hata mwanao wa mwisho aliyajua kwa juu juu tu, maana wewe hukuwa mtu wa kujisifu. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Nataka yaandikwe na mtu aliyekuwapo, na humo ndani yapo yangu ya kukiri.

Mwaka ule nilikuwa nimerudi Lushoto kwa kaka Yohana, mumeo, nikiwa na watoto wawili. Mume wangu alikuwa amefariki Magoma, na kabla machozi hayajakauka shemeji yangu Daudi alikwishapanda mahindi yake katika shamba tulilolima mimi na marehemu. Nikapanda milima na mabunda mawili ya nguo. Wewe hukuniuliza nitakaa mpaka lini. Ulihamisha viazi vya mbegu kutoka chumba cha nyuma, ukatandika kitanda, ukasema maji ya moto yako jikoni.

Ndipo wakaja watu wa redio kutoka Dar es Salaam na Land Rover yao. Walikuwa wanarekodi mchezo wa mzimu wa mwanamke anayetembea nyumba hadi nyumba na jembe lake begani. Kiongozi wao, Ndugu Salehe, mtu wa Tanga, alitaka urekodiwe milimani kwa sababu, alisema, waigizaji wakiwa kwenye joto la Dar hawawezi kutetemeka vizuri. Wakapewa ukumbi wa ushirika, wakaziba madirisha kwa mablanketi, wakaweka mashine yenye mikanda inayozunguka. Baridi ilitenda kazi kuliko alivyotaka. Siku ya tatu yule mama waliyemleta kuwa mzimu aliamka na mafua, sauti imekatika kabisa.

Wewe ulikuwa umeitwa kupeleka chai. Ulipoingia ulimkuta mwanamume mmoja ameingiza kichwa kwenye debe, anaguna. Ulisimama mlangoni na birika lako ukamsikiliza mpaka akamaliza. Salehe akakuuliza unaonaje. Ukamjibu kwa adabu zako zote, "Samahani, ndugu. Huyo si mzimu. Huyo ni mlevi amenasa kwenye debe."

Mtu mwingine angekasirika. Salehe alicheka, akakwambia basi onyesha wewe. Ulirudi nyumbani ukachukua mtungi wa mkweo, mama yangu mimi, ukautia maji hadi nusu, ukauinamia na kusema kwa sauti ya chini ileile unayoanzia zaburi kwenye kwaya. Mimi nilikuwa nimekufuata na vikombe. Nakwambia leo, wifi, nywele zilinisimama. Fundi wa mitambo alivua vile visikizio vyake, akatazama nyuma yake.

Tangu siku ile ukumbi ule ulikuwa kama wako. Wajukuu wanafikiri upepo wa redio ni upepo. Upepo wa kweli wa mikaratusi walijaribu kuunasa siku mbili, ukatoka kama mtu anayekaanga vitunguu. Wewe ulichukua kanga kuukuu, ukaiburuta taratibu juu ya benchi la mbao, na hiyo ndiyo dhoruba iliyosikika Tanzania nzima. Hatua za mzimu kwenye majani zilikuwa majani makavu ya migomba ndani ya ungo. Hatua zake akitoka kisimani, ambazo watu walizisema kwa miezi, zilikuwa mikono yako miwili ndani ya sufuria la uji uliopoa. Baadaye uji ule ulipashwa moto ukanywewa, maana hukuwa mtu wa kumwaga chakula. Na majogoo wote wa jirani walifunikwa kwa matenga mchana kutwa. Mmoja, wa mzee Elieza, alitoroka, akawika katikati ya maneno ya mwisho ya sehemu ya pili. Salehe aliiacha sauti hiyo. Akasema mzimu utakimbia kwa sababu jogoo amewika, na watu wakamsifu kwa ufundi huo.

Lakini hukuridhika. Katika maandishi mzimu alikuwa analia tu na kugonga milango. Ulimwuliza Salehe huyu mama anataka nini. Akasema anataka kutisha. Ukatikisa kichwa. "Mtu hatoki kaburini kwake kuja kutisha tu," ulisema. "Ana shida yake. Muulizeni."

Salehe akakwambia nenda ukafikiri umpe neno. Kesho yake nilikuwepo mlangoni. Ukainamia mtungi, ukasema, "Sikuja kwa ubaya. Nimekuja kuuliza tu. Shamba langu nililolilima kwa mikono hii, leo linalimwa na nani?"

Mimi nilitoka nje, nikaenda kusimama nyuma ya Land Rover kwenye ukungu. Maneno yale yalikuwa yangu. Nilikuwa nimeyasema wiki ya kwanza tu niliporudi, jikoni kwako, nikipepeta maharage, hata sikujua kama unasikiliza. Nikajiona nimevuliwa nguo mbele ya watu wa Dar es Salaam. Sikurudi ndani. Nilishuka moja kwa moja hadi kwa mzee Elieza, mzee wetu wa kanisa, nikamwamkia shikamoo, nikamwambia mke wa Yohana anaita mizimu kwenye ukumbi wa ushirika.

Ndiyo, wifi. Ni mimi.

Ulipoitwa mbele ya wazee, tulikaa wengi kwenye mabenchi ya nyuma. Mchungaji alikuuliza kama unaamini kwamba wafu wanatembea. Ukasema hapana. Akauliza kwa nini basi unawapa sauti. Ulisimama wima, mikono imeshikana mbele, ukajibu polepole. "Wazee wangu, kila Krismasi mnanipa niimbe maneno ya malaika. Mimi si malaika, na hakuna hata siku moja mliyoniita hapa kunihoji."

Nilimwona mchungaji anatazama chini ili asionekane anatabasamu. Hata hivyo walikutoa kwenye kwaya mpaka mchezo utakapokwisha. Hukubishana. Nilijua ilikuuma, kwa sababu siku ile ulipika ukasahau chumvi, na hilo halijawahi kutokea. Jumapili ukaenda ukakaa benchi la mwisho kabisa. Kwaya ilipoanza ikayumba, kila mtu anatafuta sauti ya kwanza. Wewe ukaimba ukiwa kule nyuma umekaa, na kwaya nzima ikakufuata kutoka mbele. Nimekwenda kanisani miaka mingi, sijasikia tena ibada ya namna ile.

Na mchana wa Jumatatu ukarudi kwenye mtungi wako.

Mchezo ulitangazwa sehemu sita, mara moja kwa wiki, baada ya taarifa ya habari ya jioni. Watu walikuja kwa kaka Yohana na vigoda vyao kwa sababu redio zilikuwa chache. Mwishoni walisoma majina ya waigizaji, na wewe ukaitwa "wananchi wa Lushoto." Kaka alikasirika akataka kuandika barua. Wewe ulisema wananchi wa Lushoto si jina baya.

Wakubwa fulani waliagiza kwamba taifa linalojenga Ujamaa halitaki mambo ya mizimu, kwa hiyo katika sehemu ya sita ikagundulika kwamba mzimu ni mlanguzi aliyejifunika shuka, anaficha magunia ya sukari makaburini. Hiyo nayo wajukuu hawaijui. Salehe alitii. Lakini swali lako lilikwishapita hewani katika sehemu ya nne, na hakuna aliyeweza kulirudisha. Wanawake sokoni walisema waziwazi: mlanguzi alikuwa mwanamume, yule aliyeuliza alikuwa mwanamke, wasituchezee.

Kisha ikaja barua kutoka Magoma, ya jirani yangu wa zamani. Aliandika kwamba watu wa kule wameusikia mchezo, na kwamba kila Daudi akienda na jembe kwenye shamba lile, wanawake wanaochota maji wanaulizana kwa sauti, "Eti leo linalimwa na nani?" Mama mkwe wangu amekataa kula mahindi ya shamba hilo. Halmashauri ya kijiji inakaa kugawa mashamba upya, na mwenyekiti amesema kama mjane yuko hai, aje aseme.

Mimi nilisema siendi. Wewe ulikuwa unafunga vitenge kwenye kikapu kabla sijamaliza.

Tulilala kwenu Bungu, asubuhi tukashuka kwa miguu hadi Magoma. Joto lilitupokea bondeni kama mvuke wa chungu. Baraza lilijaa. Mwenyekiti alipotaja jina langu nilisimama, na mdomo ukakataa. Nilikugeukia. Nikakunong'oneza useme wewe, hata kwa ile sauti. Nakumbuka ulivyonitazama, huna hasira wala huruma, kama mtu anayemrudishia mwenzake kitu chake.

"Ya mfu nimesema mimi," ulisema. "Hapa ni zamu ya mtu aliye hai."

Nikasema. Sikusema vizuri. Nilianza na mwisho, nikarudi mwanzo, nikataja mifereji tuliyochimba na marehemu, nikataja mti wa mchungwa alioupanda siku binti yangu Ester alipozaliwa. Daudi alijibu kwamba shamba ni la ukoo. Ikawa zogo kidogo, kisha mama mkwe akasimama, mtu ambaye tangu nimeolewa sijamsikia akisema barazani. Akasema mifereji ile aliiona ikichimbwa, na mikono iliyochimba ilikuwa minne.

Hawakunipa lote. Sehemu ya juu ilibaki kwa Daudi, na ya chini karibu na mto ikaandikwa ya watoto wangu, niilime mimi hadi wakue. Wengine walisema nimepunjwa. Mimi nilitoka pale naona barabara ni pana.

Tulipopanda kurudi Bungu ulitangulia, kama kawaida yako, unatembea kama mtu asiyejua mlima ni nini. Nilikuita ukasimama. Nikakwambia kwamba aliyekwenda kwa mzee Elieza ni mimi, kwa sababu uliniibia maneno yangu. Uliweka kikapu chini, ukafuta jasho kwa ncha ya kitenge. Ukasema ulijua tangu siku ileile, kwa sababu mzee alipokuja kukuita alikuwa anatumia maneno yangu. Nikakuuliza kwa nini hukuniambia, kwa nini uliendelea kunipakulia chakula, kwa nini umekuja nami mpaka huku.

"Nilichukua neno lako bila kukuomba, wifi," ulisema. "Nawe ukaenda kunishitaki. Mimi niliona tumelingana. Sasa twende, mama anatungoja na chai."

Hayo tu. Hukulitaja tena mpaka ulipolala usingizi wa mwisho. Pasaka iliyofuata mchungaji mwenyewe alikuja nyumbani kukuomba urudi kwaya, akakaa akala, na wakati wa kuondoka akaulizia kwa siri ile sauti ya kisimani ilitengenezwaje. Ulimwonyesha sufuria.

Miaka michache iliyopita, nilipokwenda Dar es Salaam kutibiwa macho, nilimwomba Ester anipeleke kule kwenye redio nikaulize mikanda ya mchezo wetu. Kijana mmoja mwenye heshima alitafuta kwenye vitabu vyao, akarudi akaniambia kwa upole kwamba zamani mikanda ilikuwa haba, kwa hiyo mchezo ulifutwa, na juu yake wakarekodi mafunzo ya kilimo cha pamba. Nilikaa kwenye ngazi pale nje nikalia, mtu mzima. Mpaka siku ile nilikuwa najua kwamba hata ukifa, kuna mahali sauti yako imehifadhiwa kwenye sanduku.

Basi nimewaandikia wao, na nimekuandikia wewe. Nilikuwa mwanamke wa kuogopa, nikakaa nyumba moja na mwanamke asiyeogopa wazee, wakubwa, wala wafu, na ambaye ushujaa wake hakuutumia hata mara moja kumdhalilisha mtu. Ester analima shamba la mtoni sasa, na binti yake amesomea sheria. Nakuonea fahari kama vile ni mimi niliyekuzaa.

Neno moja tu nililikosea kule njiani Bungu, na nimelibeba tangu hapo. Nilikwambia nilikushitaki kwa sababu uliniibia maneno. Haikuwa hivyo. Nilikasirika kwa sababu wewe, usiyekuwa na shida ile, uliweza kuyasema mbele za watu, na mimi mwenye shida nilikuwa nimeyaambia maharage.

Pumzika, mpenzi wangu. Nikifika huko nitakuamkia kwanza, kisha tutaongea.

Ni mimi wifi yako,
Mama Ester